Kuwapeleka wanafunzi kuona simba kwenye shamba la mtu binafsi: tuangalie nini kwanza?

Mwalimu wa Kamalondo

Nawasalimu nyote. Nafundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi, na kamati ya wazazi imependekeza kwamba mwishoni mwa muhula tuwapeleke watoto kwenye shamba la mtu binafsi lililo nje ya mji, ambako mwenyewe anafuga pundamilia, swala, simba na chui, na sasa ameanza kupokea wageni kwa kiingilio. Nilikwenda kupaona kabla ya kuwapeleka watoto wa watu. Simba wamo ndani ya uzio wa seng'enge unaonizidi kimo kidogo tu, na kati ya mgeni na uzio huo hakuna kitu isipokuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi viwili, nayo imelegea hadi magotini. Kijana anayewalisha aliniambia nisiwe na hofu, kwa kuwa simba hao walilelewa kwa chupa tangu wakiwa wachanga. Kisha akapitisha vidole kwenye tundu la waya na kumkuna jike shingoni. Yupo pia mtoto wa simba ambaye mgeni akiongeza fedha anaruhusiwa kumpakata na kupigwa picha.

Natamani sana watoto waone wanyama hawa, maana wengi wao wanamjua simba kwa hadithi za bibi zao tu. Hata hivyo, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wazazi likitokea jambo. Naomba wenye ujuzi wanieleze mtu asiye mtaalamu aangalie nini ili ajue kama mahali kama hapo panafaa.

Daktari wa mifugo, Golf

Mwalimu, umefanya vyema kwenda kupatazama kwanza. Nianze na hilo la kulelewa kwa chupa, kwa sababu ndilo linalowapa watu utulivu usio na msingi. Simba aliyelelewa na binadamu hapotezi silika ya kuwinda. Kinachopungua ni woga wake kwa binadamu, na woga huo ndio ambao ungemfanya akae mbali na uzio. Mwezi wa Februari 2024, katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo huko Nigeria, simba alimuua mtumishi aliyekuwa akiwatunza simba wa chuo tangu walipozaliwa hapo miaka ipatayo tisa kabla. Mwaka 2022, katika bustani moja ya wanyama nchini Jamaika, mtumishi aliyekuwa akimchezea simba mbele ya wageni kwa kupitisha vidole kwenye waya, kama alivyofanya huyo kijana wako, alikatwa kidole, na wageni walikuwa wakipiga picha za video wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Jambo la pili ni kimo cha watoto. Wanyama wa jamii ya paka huvutwa na kitu kidogo kinachokwenda mbio, kinachoinama au kinachowapa mgongo. Utamwona simba amelala kivulini kama hana habari na mtu, watu wazima wakipita asijishughulishe. Akipita mtoto mdogo akikimbia, masikio yanasimama na kichwa kinaanza kumfuata. Darasa zima likifika pamoja, watoto wa aina hiyo watakuwa wengi.

Kuhusu mtoto wa simba wa kupakatwa, ushauri wangu ni kukataa moja kwa moja. Akiwa na miezi michache tu, tayari ana meno na kucha za kurarua ngozi, na jeraha la mnyama wa jamii ya paka huchimba ndani na kuoza upesi. Tena huwa ametengwa na mama yake mapema ili azoee kushikwashikwa, na akishakuwa mkubwa hafai tena kwa picha, na mwenye shamba hulazimika kutafuta mwingine. Marekani, ambako biashara hii ilienea sana, ilipitisha sheria mnamo Desemba 2022 inayokataza wageni kuwagusa wanyama hawa na watu binafsi kuwafuga nyumbani.

Fundi wa kulehemu, Ruashi

Mimi si mtu wa wanyama, lakini vizimba na mageti nimetengeneza sana, kwa hiyo nitasema juu ya chuma. Mwalimu, usitazame waya pale katikati unapong'aa. Inama utazame pale nguzo inapoingia ardhini. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili hula chuma kuanzia hapo, na rangi hubaki imefunika kutu, kiasi kwamba nguzo inaonekana nzima ilhali ukiigonga kwa nyundo inavunjika. Kama nguzo ni za miti, mchwa hufanya kazi hiyo hiyo. Halafu uone kama waya umezikwa chini ama umeishia juu ya udongo tu, kwa sababu mnyama anaweza kufukua.

Mlango ufunguke kwa kuelekea ndani, upande wa mnyama, ili akiusukuma aukaze badala ya kuufungua. Na iwe milango miwili inayofuatana, yenye nafasi ya mtu kusimama katikati, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa kwa kufuli. Mlango mmoja maana yake ni kwamba siku mlishaji akisahau, wageni wote wamo mikononi mwa usahaulifu wake.

Kuhusu kimo, nilisoma habari za bustani ya San Francisco: tarehe 25 Desemba 2007 chui milia aliruka ukuta akamuua mgeni mmoja na kujeruhi wawili. Ukuta ulikuwa na kimo cha takriban mita 3.8, wakati kilichopendekezwa kilikuwa mita 5. Sasa linganisha na uzio unaokuzidi kidogo tu. Chui naye haruki tu, hukwea. Kizimba chake kisipofunikwa juu ni bure.

Mama wa Katuba

Nawashukuru Daktari na Baba Fundi, ila mimi kama mzazi sipendi tuishie kwenye kukataa. Tukikaa kimya tusiende, familia nyingine zitakwenda Jumapili bila kujua chochote, na kamba ile ya katani itabaki hapo. Afadhali Mwalimu amweleze mwenye shamba kwa heshima kwamba shule nzima itakuja endapo atarekebisha. Ningependa pia kujua: mnyama akitoka siku ile, nani anafanya nini?

Daktari wa mifugo, Golf

Mama, hilo ni swali ambalo mwenye shamba anapaswa kulijibu papo hapo bila kutafuta maneno. Sindano ya usingizi haimwangushi simba mara moja. Huchukua dakika kadhaa, mara nyingi hata kumi au zaidi, na katika muda huo mnyama aliyechomwa huwa na hasira. Kwa hiyo lazima pawepo mtu mwenye bunduki na idhini ya kuitumia, na jengo la kufungika ambalo wageni wote wanaweza kuingia upesi. Mtu akijeruhiwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo, kisha apelekwe hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa za kuzuia usaha. Mwombeni pia awaonyeshe kibali chake cha kufuga wanyama hao. Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 ya uhifadhi wa maumbile inamhusu, na ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi wa maumbile, ndiyo ya kuulizwa.

Mwalimu wa Kamalondo

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwenye shamba, naye amekubali kuweka kizuizi cha pili na kuondoa picha za kupakata, lakini juu ya mlango anasema atafikiria. Nimeiambia kamati kwamba safari imeahirishwa mpaka milango iwe miwili na chui awe amefunikwa juu. Baba Fundi, kizuizi hicho cha wageni kikae umbali gani na uzio?

Fundi wa kulehemu, Ruashi

Mita moja na nusu kwa uchache, Mwalimu, na kwa watoto ningeweka mbili. Kiwe cha bomba na waya wa matundu madogo hadi chini, mtoto asipenye wala asipate pa kukanyagia akapanda. Mkiwa tayari nitakuja kupima, malipo yawe ya vifaa tu.