Alikata gari langu bila kuniuliza, na sasa grili yangu iko sokoni

Wadau, nimekaa na jambo hili siku tisa nikijaribu kulimaliza kwa simu na kwa lugha ya heshima. Nimechoka. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaendesha Toyota Fielder na kila siku tunatupiwa kwenye simu matangazo ya grili za urembo, kile kipande cha mbele ya gari kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini. Someni yaliyonipata kabla hamjatuma pesa.

Gari langu ni Fielder ya 2010. Nililitoa bandarini Mombasa 2017, kabla halijapita ule ukomo wa miaka 8 ambao sheria imeuwekea gari lililotumika kuingia nchini. Nimelitunza kama jicho langu. Kutoka Mamboleo, hapa Kisumu, hunipeleka kazini, hubeba samaki wa mke wangu kutoka Dunga, na usiku jirani akizidiwa ndilo linaloamshwa. Usoni lilikuwa na kasoro ndogo tu. Grili ilikuwa imepauka, na klipu ya kona ya kushoto ilivunjika mwaka jana boda boda aliponigonga pale Kondele. Nikaifunga mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa bluu, ule wa kushonea nyavu. Ukumbukeni huo uzi, nitaurudia.

Nikaona tangazo la grili nyeusi ya wavu, ya mdomo mpana, inayoshuka mpaka kwenye bampa. Muuzaji yuko Nakuru, ana ukurasa mtandaoni na gereji yake. Sikukurupuka. Nilimtumia picha ya uso wa gari, nikamtumia na picha ya kibati cha namba ya chesisi, nikamuuliza waziwazi: "Hii inaingia bila kukata chochote?" Akajibu, na ujumbe wake ninao: "Hiyo ni kufunga tu mwalimu, dakika arobaini umeenda." Grili 9,500, kazi 1,500. Nililazimika kwenda Nakuru hata hivyo, kumchukua Mama aliyekuwa kwa dadangu, nikaona nimalize yote safari moja.

Nililiacha gari saa mbili asubuhi. Nikaambiwa wateja hawakai ndani ya gereji, niende ninywe chai, nitapigiwa. Nilipigiwa saa sita kasoro. Dakika arobaini zimekuwa karibu saa nne, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Gari lilikuwa limeoshwa, linang'aa, uso mpya kabisa. Namba ya mbele ilikuwa imehamishwa kutoka pale katikati ikawekwa chini, kwenye mdomo wa bampa. Nikauliza, wakasema ndivyo inavyokaa na grili hii. Nililipa. Nikawashukuru.

Tukaondoka: Mama mbele, watoto wawili wa dadangu nyuma, na gunia la viazi. Hatujamaliza Ngata, AC ikaanza kutoa hewa ya uvuguvugu. Nikafungua madirisha. Kufika Salgaa matrela yamepangana, tunapanda kwa gia ya chini, na boneti inatetema kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Mama akageuka akaniuliza, "Hili ndilo gari lako lilelile?"

Kwa wasiojua, Fielder yangu haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu ikichemka. Katikati hapo huoni kitu. Taa nyekundu iliwaka tukiwa mpando wa Sachangwan, trela mbele yangu na trela nyuma yangu.

Nani humu haijui Sachangwan? Ndipo lori la mafuta lilipowaka Januari 2009 likaua watu zaidi ya 100. Ni mahali ambapo dereva yeyote wa huku akipita, hata kama hasemi, roho hukaa juu. Na mimi ndipo niliposimamisha gari, nikalisukumiza ukingoni, nikaweka mawe kwenye magurudumu na pembetatu nyuma, nikawapandisha watoto kwenye tuta wakae mbali na lami. Mama ana miaka 74. Alikaa kwenye nyasi, leso amejitanda kichwani, matrela yanapita hatua chache kutoka alipo, na kila likipita nyasi zinalala. Saa nzima na dakika ishirini. Sitasahau picha hiyo, na sioni kwa nini yeye aisahau.

Nikisubiri injini ipoe, nikachuchumaa mbele ya gari nikaiangalia ile grili kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kuielewa. Nikapenyeza ncha ya bisibisi kwenye tundu la wavu. Haikuingia. Nikajaribu tundu jingine, hivyo hivyo. Nyuma ya ule wavu kuna plastiki nyeusi, bapa, imeziba karibu sehemu yote! Ni wavu wa kuangalia kwa macho, hewa haipiti. Na hewa ndogo iliyokuwa ipite chini kwenye mdomo wa bampa, wameizuia kwa namba pleti. Sasa radieta, inayopoza maji ya injini, ipozwe na nini? Gari likipanda mlima polepole halina upepo wa mwendo, linategemea feni kuvuta hewa kupitia tundu hizohizo. Ukizifunga, feni inazunguka bure.

Nikaitoa namba nikaiegesha kwenye kioo, nikawasha hita ya ndani mpaka mwisho isaidie kuondoa joto kwenye injini, tukaenda hivyohivyo, jua la mchana na hita usoni kwa mama mzee, mpaka Mau Summit barabara ilipoanza kuteremka. Tuliingia Kisumu usiku.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu wa hapa Kisumu. Huyu akifungua kitu huniita nione, na hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muione. Alitoa bampa, akawasha tochi, akanyamaza. Akaniambia, "Njoo uone kwa macho yako, mwalimu, nisije nikaonekana namsingizia mtu."

Kondensa, kile kifaa kinachopoza gesi ya AC, mnajua, imekaa mbele kabisa, mbele ya radieta. Mapezi yake ni membamba kama karatasi. Katikati ya hayo mapezi, upande wa kulia, kulikuwa na ncha ya skrubu ya inchi mbili. Imepita kwenye plastiki ya grili, ikapita nafasi iliyopo, ikaingia kwenye bomba la kondensa na kubaki humo. Kuizunguka kulikuwa na doa la mafuta limeshika vumbi. Gesi yote ilitokea hapo. Mtu alishika drili, akafunga skrubu ndefu kuliko inayohitajika kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni, hakuinama hata kuangalia inatokea wapi.

Kisha komeo la boneti. Kile chuma cha kusimama kinacholibeba, kinachoshuka nyuma ya grili, kimekatwa kwa grainda ubavuni ili grili ipate pa kukaa. Alama za moto wa grainda bado mbichi, hata rangi hawakupaka. Komeo likawa linacheza, halishiki sawasawa, na boneti ikabaki kushikwa na ile kulabu ya pili ya usalama peke yake. Ndio ule mtetemo wa Salgaa. Nimetoka Nakuru mpaka Kisumu na boneti inayoning'inia kwa kulabu, na baada ya Awasi barabara ilipofunguka nilikuwa nakimbia, nataka Mama afike. Ile kulabu ingeachia, boneti ingetugeukia kwenye kioo. Nikifikiria hapo mikono hunitetemeka hata sasa ninapoandika.

Zile plastiki za pembeni zinazoongoza hewa iingie kwenye radieta badala ya kuikwepa, hazipo. Ukingo wa juu wa bampa umekatwa kama mkate.

Na sababu ya haya yote ni moja. Grili haikuwa ya gari langu. Fielder za umbo hili zilianza 2006, halafu 2008 Toyota ikabadilisha uso: taa, bampa, grili. Ya kabla na ya baada hazibadilishani. Fundi wangu aliipima ile grili kwenye benchi, miguu yake ya kushikia haikutani na tundu hata moja la bampa yangu. Ni ya uso wa zamani. Nilimtumia mtu picha ya kibati cha chesisi! Kazi ya kile kibati ni hiyo, ujue gari ni la mwaka gani na linachukua kipuri gani. Angeniambia tu, "Mwalimu, ya kwako sina," ningemshukuru nikaenda zangu. Hata angenipigia siku ile akasema, "Haiingii mpaka tukate, tukate?" ningejibu hapana, na yangeishia hapo. Alikuwa na namba yangu. Ndiyo aliyonipigia nikachukue gari.

Injini ilinusurika, fundi aliipima silinda hedi akasema gasketi iko salama kwa sababu nilisimama mapema. Lakini hesabu ni hii: kondensa ya mtumba 7,000, gesi na kazi yake 3,500, kuchomelea chuma cha komeo 1,500, kuziba bampa na kupaka rangi 4,000. Elfu 16. Ongeza elfu 11 niliyowalipa wao, ni elfu 27, na bado gari halina grili.

Nilimpigia muuzaji simu. Mara ya kwanza akaniambia magari ya Kisumu huchemka kwa sababu ya joto la ziwa. Nilichemka Sachangwan, ziwa gani liko Sachangwan? Mara ya pili akasema kondensa ilikuwa imetoboka tangu zamani. Na skrubu yake ndani? Mara ya tatu nikaachana na habari za pesa, nikamwomba kitu kimoja: anitumie grili yangu ya zamani kwa basi, nauli nitalipa mimi. Akasema waliitupa kwenye vyuma chakavu. Grili ya plastiki, kwenye vyuma chakavu.

Jumapili usiku mke wangu ananiletea simu. "Baba, hii si yetu?" Kwenye ukurasa uleule: "Grili orijino ya Fielder, safi, 4,000." Imeoshwa, imepakwa mafuta ing'ae. Kona ya kushoto, fundo la uzi wa bluu. Fundo langu. Nililifunga kwa mkono wangu nikiwa nimepiga magoti uani kwangu, na ncha yake moja niliiunguza kwa kiberiti isifumuke, inaonekana kwenye picha ukiikuza. Hawakuona hata haja ya kuukata.

Sasa huo si uzembe tena, huo ni wizi. Kipuri kinachotolewa kwenye gari ni cha mwenye gari, hata kiwe kimevunjika vipande kumi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari, na inamtaka fundi amrudishie mteja vipuri alivyovitoa. Najua gereji nyingi hufanya hivi, tumezoea kuondoka bila kuuliza kile cha zamani kiko wapi, nao wamezoea kukigeuza mali yao. Mimi siku hiyo sikuuliza, lakini kutouliza hakukumpa mtu ruhusa ya kuuza.

Nimemwandikia leo, kwa maandishi, ninachotaka: elfu 27 na grili yangu. Nimempa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Asipojibu naenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Skrubu ninayo kwenye bahasha, picha ninazo, na fundi wangu amekubali kueleza alichokiona.

Jina la muuzaji silitaji humu, msiniombe. Nataka anilipe, sitaki apate njia ya kunigeuzia kesi.

NYONGEZA, Jumatano

Nimesoma majibu yote. Asanteni mlionipa pole, na yule ndugu wa Eldoret aliyetuma picha ya kondensa yake yenye skrubu kama yangu, nimekuandikia faraghani.

Kwa mnaosema cha rahisi ni ghali: elfu 11 si rahisi kwangu. Na mtu anayelipa elfu 2 ana haki ileile ya kutokatiwa gari kama anayelipa laki mbili. Msimlaumu mteja kwa kisu alichoshika fundi.

Aliyeuliza kama nazipinga grili hizi zote, hapana. Ziko zinazoingia kwa klipu zote bila kugusa kitu. Ishike mkononi kabla ya kulipa, iinue kwenye mwanga, uone kama mwanga unapita. Namba ya Toyota ya grili mara nyingi huanza na 53111. Muuzaji akupe namba kamili uilinganishe na chesisi yako. Simama hapo wakifunga. Wakikataa usisimame, ondoka na gari lako. Na kama gari lako ni la juzijuzi, aina ya Harrier zenye rada nyuma ya nembo, usikubali mtu aiguse hiyo sehemu bila kujua anachofanya, breki za dharura zinaitegemea.

Muuzaji hajajibu. Tangazo bado lipo, nimelitazama asubuhi hii kabla ya kwenda kazini. Wameshusha bei, sasa ni 3,500. Uzi bado uko pale.