Tupeane uzoefu: stabilaiza ya AC ya nyumbani, mlichagua vipi?

Wakuu, salaam. Nimehamia Goba mwezi uliopita. AC ya chumbani ni BTU 12,000, siyo inveta (ile ambayo kompresa yake hubadili kasi na kuamka taratibu). Mchana inapoza vizuri, ila kuanzia saa moja jioni kompresa inanguruma mara mbili tatu halafu inakata, na taa zinafifia kama kibatari. Fundi mmoja kaniambia ninunue stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, ya 2kVA (yaani inabeba volti-ampea 2,000), mwingine 5kVA, na muuzaji mmoja Kariakoo kasema chukua yoyote, zote ni zilezile. Nimepima soketini saa mbili usiku: volti 172, wakati umeme wetu unatakiwa kuwa 230. Mliopitia hili leteni visa vyenu, bei nitazitafuta mwenyewe.

Mzee wa Feni
Mimi nilianza na hiyo ya 2kVA, nikaizika. Hesabu yangu ilikuwa ya darasani: kibandiko cha AC kinasema ampea 5.6, zidisha kwa 220, hupati hata 1,300. Nikajiona nimebakiza akiba ya kutosha. Kumbe kompresa ya kawaida inapoamka huvuta mara nne hadi sita ya hizo ampea, kwa kitambo kifupi tu, lakini inatosha kuitesa stabilaiza. Kila ikiamka nasikia tak-tak-tak, inazima, inawaka tena. Wiki ya tatu rilei, zile swichi za ndani zinazobadili volti, zikagandana. Sasa nina 5kVA, mwaka wa pili huu. Hiyo 2kVA mpe mwenye friji.

Mama Pacha
Mkuu, usiishie kwenye namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mimi niko Mbagala, usiku umeme unashuka hadi 150. Nilinunua ya 5kVA, nje imeandikwa volti 140 hadi 260, nikasema hapa nimefika. Ikawa inachemka hadi huwezi kuweka kiganja juu yake. Karatasi ya maelezo niliisoma baada ya kuunguza, ndivyo tulivyo: kuna kijimchoro kinachoonyesha umeme wa kuingia ukishuka sana, uwezo wake unabaki kama nusu. Yaani 5kVA yangu, saa ninapoihitaji, ilikuwa kama 2.5.

Mume wangu alinieleza kwa namna niliyoielewa. AC inataka wati 1,300. Kwa volti 220 hizo ni ampea 6 hivi. Kwa volti 150 stabilaiza inabidi ivute karibu 9 kutoka ukutani ili kutoa zilezile 1,300. Haizalishi umeme, inafidia volti kwa kuvuta ampea zaidi. Na mtaa mzima tukiwa nazo, kila mmoja anavuta zaidi, laini inazidi kulegea. Jirani yangu asiye na stabilaiza ndiye anayekaa gizani kwa ajili yetu, na ananuna kweli.

Mpemba wa Bara
Kabla hujanunua, pima sehemu mbili huku AC ikifanya kazi: pale kwenye mita, halafu kwenye soketi ya AC. Yangu ilisoma 224 kwenye mita, 203 chumbani. Nyumba yenyewe siyo ndefu, hizo volti 21 zilikwenda wapi? Fundi alifungua kiboksi cha maungio juu ya dari, kiungo kimekuwa cheusi, plastiki imeyeyuka. Waliovuta waya walitumia wa milimita za mraba 1.5 uliokuwa wa taa. Tukavuta waya wa 4 moja kwa moja na breka yake peke yake. Stabilaiza sikununua hadi leo. Ningeinunua, ingekuja kuunguza dari kabisa, maana ingezidi kuvuta ampea kupitia kiungo hichohicho.

Fundi Mstaafu
Mpemba kasema la maana, wengi wanatibu homa wakati jino ndilo linauma.

Niongeze mawili. Kwanza kuchelewesha. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, gesi bado ina msukumo upande mmoja, kompresa ikilazimishwa kuamka inakwama na kuvuta ampea nyingi. Tafuta stabilaiza yenye kitufe cha kuchelewesha dakika tatu, na msikibonyeze kwenda sekunde sita eti mna haraka ya baridi. Pili, aina. Ya rilei ni rahisi, inalia, inapandisha volti kwa ngazi. Ya mota, wenyewe wanaita sevo, inatoa umeme uliotulia zaidi ila ina brashi za kaboni zinazolika, na vumbi na chumvi ya pwani haziipendi. Kwa chumba cha kulala mimi huweka ya rilei yenye koili ya shaba. Inyanyue dukani: ikiwa nyepesi kama redio, rudisha.

Na ile inayoitwa gadi siyo stabilaiza. Gadi inakata tu umeme ukiwa mbaya, haiurekebishi. Ila msiidharau. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 400. Nimeona hilo mara moja, televisheni tatu kwa siku moja kwenye nyumba za jirani, na nyumba iliyopona ilikuwa na gadi.

Mwanamombasa
Huku kwetu niliweka AC ya inveta, kibandiko chake kinakubali kuanzia volti 160. Inaamka taratibu, haishtui umeme, kwa hiyo niliachana na stabilaiza nikaweka gadi pekee. Bodi yake ya elektroniki ndiyo naihofia, maana bei yake ni karibu nusu ya AC. Soma kibandiko chako kabla ya kusikiliza mtu yeyote, hata mimi.

Aliyeanzisha
Asanteni. Nimepima kama alivyosema Mpemba: mita 175, soketi 172, kwa hiyo tatizo liko nje kwenye laini. Jirani wa kulia 170, wa kushoto 174. Tumepeleka malalamiko yetu kwa pamoja, tunasubiri. Wakati huohuo nimechukua 5kVA ya rilei, nzito hadi bodaboda amelalamika, na mchoro wake unaonyesha kwenye 170 bado inabeba zaidi ya robo tatu. Jana saa mbili usiku: kuingia 168, kutoka 219. Kompresa iliamka mara ya kwanza. Ila ile tak-tak ilimwamsha mtoto, nimeihamishia koridoni.