Mrejesho: vekta ya Goma mpaka Bukavu

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kikokotoo kinampa mdogo wangu digrii 66 kwa vekta (mshale wenye ukubwa na mwelekeo) ya (−40, −90), ilhali mchoro wake unaelekea kusini-magharibi. Hizo ni kilomita, takriban, 40 magharibi na 90 kusini, toka kwetu Goma hadi Bukavu kwa mstari ulionyooka.

Ukubwa haukusumbua: 1600 jumlisha 8100, kipeuo chake kama 98.5. Kazi ilikuwa mwelekeo. Kweli kabisa mlivyosema, ukigawanya hasi kwa hasi (−90 kwa −40) ili upate pembe, alama zinapotea, kikokotoo hakijui tena kwamba vekta iko robo ya tatu ya grafu, yaani kushoto chini. Ongeza 180, unapata 246, ukihesabu toka mashariki kinyume cha saa. Nimefurahi mno!

Sasa anachora kwanza. Kwa (−40, 90) amepata 114 peke yake.