Ukoo wa Bi Mwanaidi: Tanga, Mombasa na Majuu

Hamisi (Houston): Asalaam aleikum ukoo. Shikamooni wakubwa. Jana usiku wamevunja gari la jirani, nyumba ya pili kutoka kwangu. Wiki iliyopita waliingia gereji ya Mmeksiko wa pembeni wakabeba vifaa vyake vyote vya kazi. Nimeamua nanunua bastola. Nawaambia mapema msije mkasikia kwa watu.

Zuhura: Waaleikum salaam. Unanunua NINI?

Mjomba Athumani: Marahaba mpwa. Bastola si mchicha. Kibali umeshaomba?

Hamisi: Mjomba, Texas hakuna kibali cha kununua. Unaingia dukani, unaonyesha kitambulisho, unajaza fomu. Wanakuuliza kama umewahi kufungwa, kama unavuta bangi, kama ulishapigwa hukumu ya kumpiga mke. Mwenye duka anawasiliana na FBI, jibu likirudi safi unalipa unaondoka nayo. Na kuibeba barabarani, tangu Septemba 2021 mwenye miaka 21 hahitaji leseni, mradi sheria haimkatazi kumiliki.

Mjomba Athumani: Siku hiyo hiyo?

Hamisi: Mara nyingi dakika chache tu.

Mjomba Athumani: Allahu akbar. Mimi ile bunduki ya nguruwe pori kule Muheza nilianza kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaenda kata, nikapelekwa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, nikachukuliwa alama za vidole kama mwizi wa kuku. Afande akaniuliza mkeo anasemaje. Nikamwambia nguruwe wanakula mihogo yangu, si ya mke wangu. Akasema rudi naye.

Zuhura: 😂😂 Ukarudi naye?

Mjomba Athumani: Ningefanyaje.

Idi (Msa): Mimi niko na Hamisi. Mnakumbuka Westgate, lile duka kubwa la Nairobi lililovamiwa na magaidi, Septemba 2013? Kabla vikosi havijajipanga, raia wenye bastola zao za leseni ndio walioingia kutoa watu, wao na askari wachache. Mwizi akijua kila nyumba ina chuma atafikiri mara mbili.

Salma (Minneapolis): Idi, hao wa Westgate walikuwa watu wa mazoezi, wenye leseni ya Kenya, ambayo hupewi kama vocha ya simu. Na mwaka 2018 Bodi ya Leseni za Silaha iliwaita wenye leseni wote wakahakikiwe upya. Mfano wako unanisaidia mimi.

Idi (Msa): Haya wakili.

Salma (Minneapolis): Nesi 🙄

Hamisi: Salma, huku ni haki ya kikatiba. Marekebisho ya Pili, toka 1791. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mwaka 2008, kesi ya Heller, kwamba ni haki ya mtu binafsi kuwa na bastola nyumbani kwake ajilinde, si mambo ya wanamgambo tu. Hata sisi wenye makaratasi ya ukaazi wa kudumu tunaruhusiwa.

Salma (Minneapolis): Majaji watano kwa wanne. Na Jaji Scalia aliyeandika hukumu hiyo hiyo alisema haki hiyo ina mipaka. Hapo huwa mnaparuka. Lakini kaka, sibishi kwamba unaruhusiwa. Nauliza kama inakufaa.

Hamisi: Inanifaa kwa sababu polisi hawaji. Uvalde iko hapa hapa Texas. Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili wameuawa, askari 376 wamefika, wamesubiri dakika 77 ndipo wakaingia darasani. Wazazi walio nje wanalia wapewe nafasi waingie wenyewe, wanazuiwa. Halafu mtu aniambie nipige 911 nikae nisubiri.

Zuhura: Ya Rabi. Usinikumbushe.

Salma (Minneapolis): Na yule muuaji? Alikuwa na miaka 18, bunduki zake alinunua kihalali siku chache baada ya kutimiza umri. Fomu hiyo hiyo, FBI hiyo hiyo, jibu safi.

Hamisi: Na huko kwenu Minnesota mna kila sheria. Kibali cha bastola mnacho, sheria ya kumnyang'anya silaha mtu hatari mnayo tangu Januari 2024. Agosti 2025 mtu kapiga risasi watoto wakiwa misani kanisani, hapo hapo mjini kwako, na silaha alinunua kihalali. Sheria zilikuwa wapi?

Salma (Minneapolis): Hapo umenishika. Ila sheria ile haijiendeshi yenyewe, lazima ndugu au polisi aende mahakamani aombe. Watu wanaona mwenzao anaharibika wananyamaza, eti aibu ya familia. Sisi Waswahili ndio kabisa.

Salma (Minneapolis): Kaka, nimekutumia ujumbe pembeni.

Hamisi: Nimeuona. Sema hapa, hawa ni watu wangu.

Salma (Minneapolis): Sawa. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi Marekani wanajiua wenyewe. Si majambazi, si mashuleni. Mtu na bastola ya nyumbani kwake. Mimi niko mapokezi ya dharura. Aliyekunywa vidonge mara nyingi tunamuwahi, baada ya wiki yuko kitandani ananiuliza chai. Wa risasi simpokei mimi, wanampeleka moja kwa moja kule chini. Na mwezi uliopita wewe mwenyewe uliandika humu kwamba mwanao Nasri tangu ahame shule hataki kula na watu, usingizi hapati, mpira kaacha. Ana miaka 15.

Idi (Msa): Dah.

Zuhura: Hamisi?

Rukia (mke wa Hamisi): Shikamooni. Mimi niko humu nasoma, mnabishana na mtu asiyehusika. Bastola nimeitaka mimi. Hamisi anatoka na roli Jumatatu anarudi Ijumaa. Nina mimba ya miezi saba, dirisha la jikoni halifungi vizuri, usiku nasikia mbwa wa mtaa mzima. Yeye alikuwa hataki.

Zuhura: Wifi, mbona hukusema?

Rukia: Ningesema mngeniambia nisome Ayatul Kursiy. Naisoma.

Mjomba Athumani: Marahaba mwanangu. Ulishawahi kushika silaha?

Rukia: Hapana Mjomba.

Mjomba Athumani: Basi nisikilize mimi niliyeishika. Usiku, giza, mkono unatetemeka, mtu amesimama mlangoni. Hujui ni mwizi au ni Nasri ametoka kunywa maji. Mimi karibu nimpige mlinzi wangu wa shamba, na nilikuwa na tochi.

Shangazi Mwanahawa: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:07)

Zuhura: Kwa walio kazini: Shangazi anasema tiketi yake ya kuja kumtazama mzazi iko pale pale, arobaini atamaliza. Ila hatalala nyumba yenye bunduki kwenye droo ya soksi. Kama ipo, iwe ndani ya sefu, risasi mbali, na namba ya sefu Nasri asiijue. Mwisho amemtukana Idi, sitarudia.

Idi (Msa): Mimi nimefanya nini? Na hiyo ya kufungia ndani ya sefu ina faida gani? Mwizi atakusubiri utafute namba?

Salma (Minneapolis): Kuna visefu vidogo vya kuweka karibu na kitanda, vinafunguka kwa sekunde. Na Texas kwenyewe ukiiacha mahali mtoto wa chini ya miaka 17 akaipata, unashtakiwa wewe mwenye silaha. Hiyo sheria ni ya huko huko kwenu, si ya Minnesota.

Hamisi: Naijua.

Hamisi: Duka nilishaenda jana. Nimeshika moja, nikairudisha, nikasema nitarudi leo na Rukia.

Rukia: Leo tunakwenda Home Depot. Kufuli ya dirisha, taa ya nyuma inayowaka mtu akipita, na kamera. Hiyo nyingine nikijifungua tutaizungumza, na kama itaingia, kwanza nijifunze mimi kuishika, si Hamisi aliyeko Oklahoma.

Hamisi: Sawa.

Idi (Msa): "Sawa" 😂 Jogoo la shamba.

Rukia: Salma, la Nasri namuulizaje? Naogopa nikimtajia ndiyo nitamtia hilo wazo.

Salma (Minneapolis): Hutamtia. Ukimuuliza wazi unampa nafasi ya kusema, basi. Usizunguke, usianze na swala wala na masomo. Akisema ndiyo, usipige kelele, kaa naye. Na kuna namba 988 ya msaada kwa wanaowaza kujiua, mnapiga au mnatuma ujumbe saa yoyote, hata wewe mzazi. Nakupigia sasa hivi wifi, pokea.

Zuhura: Wengine tuendelee na la harusi ya Feisal. Idi, wewe mpenda chuma, mchango wako sijauona.