MGB ya zamani inalala mu parseli ku Kamalondo, banaomba dola 2500: ninunue ao niache?

kapo_wazi (Lubumbashi)

Jambo ba yaya na ba papa bote ba humu. Niko na ulizo, musinicheke sana. Kuko gari inalala mu parseli moja ku Kamalondo, MGB, gari ya Uingereza, ile ya milango mbili yenye hema juu, rangi ilikuwaka nyekundu lakini sasa ni rangi ya vumbi tu. Mwenyewe alikuwa muzee mumoja wa mine, aliinunuaka kwa muzungu ku Kitwe akaivukisha Kasumbalesa, kisha muzee akafariki gari ikabakia chini ya muembe na tole mbili juu yake ju ya mvua. Sasa batoto bake banataka kuiuza, banaomba 2500. Motere haizunguke hata kidogo. Banasema "ilikuwa inatembea muzuri siku ile tuliisimamisha", shi munajua vile bauzaji basemaka.

Mi siko mekanisie, kazi yangu ni umeme na kutengeneza ma jenereta, lakini niko na hangari kwetu ku Katuba na vyombo kiasi, na ndugu yangu eko na poste ya kusudere. Nataka kuitengeneza mi mwenyewe pole pole pale nyumbani, siko na haraka. Bibi yangu anasema ni njia mupya ya kula makuta, na sijapata jibu ya kumupa.

Usukani iko kuume kama za Zambia. Nianze kuangalia wapi? Na ile bei?

MuzeeTolie (Katuba)

Mutoto, achana na motere mbele. Bantu bote bakifika ku gari ya kulala banafungua kapo, banaangalia motere, banatikisa kichwa kama madaktari. Motere ya MGB ni kintu ya kawaida, cc 1798, silinda ine, hakuna elektroniki hata moja, mutu yeyote anafungua motere ya kilori ataifungua. Kufa kwake haiogopeshe. Kinachomaliza MGB ni kutu, na ile kutu mbaya yenyewe hauione.

Elewa vile iliundwa. Haina shasi yake ya kando kama Land Rover. Bodi yenyewe njo shasi. Na ju haina paa ya chuma, nguvu yote ya katikati inabebwa na badekesi, pale chini ya mulango unakanyagaka ukiingia. Mule ndani muko tole ya nje, tole ya katikati, tole ya ndani, na reli ya chini inayofunga yote. Maji na matope ya pneu ya mbele vinaingia, vinakaa, vinakula kutokea ndani kuja inje. Siku utaona tundu inje, ndani mulishaisha zamani. Na tolie wa haraka anajaza mastiki, anapiga rangi, inangaa, unalipa.

Sasa enda pale na mambo tatu: sumaku, turshi na kriki.

Ukifika funga milango, angalia ile nafasi kati ya mulango na bodi ya nyuma. Inapashwa kuwa sawasawa kutoka juu mpaka chini. Kama juu imebanana na chini imefunguka, gari imeanza kukunjika katikati. Kisha weka kriki pale penye kriki yake ku badekesi, inua kidogo tu, fungua mulango tena. Mulango ikikwama, badekesi haina nguvu. Na kriki ikianza kuzama mule ndani ya tole, sema asante, uliza habari za familia, enda kwenu.

Sumaku uifunge mu kitambaa isikwangue, pitisha ku badekesi yote, chini ya paji za mbele nyuma ya gurudumu, chini ya paji za nyuma. Pale haishike kuko mastiki. Inua tapi uangalie sakafu. Nyuma ya viti kuko sanduku mbili za batri, zile MGB za zamani zinatumia batri mbili za volti 6 zimeunganishwa, na zile sanduku zinaozaka sana, asidi na maji pamoja. Angalia pia pale resori ya nyuma inashikwa ku bodi, upande wake wa mbele. Pale pakioza kazi inakuwa kubwa kuliko badekesi.

Bei tutaongea ukileta majibu.

dogo_turbo

Ba muzee munapenda kujipa mateso 😂 toa ile motere, weka ya Toyota 4A na vitesi yake, pyesi iko ku kila kona ya komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mwezi moja uko barabarani unapiga raundi ku kartie ya Golf bantu banapiga picha. Nani atajua mu kapo muko nini

mekano_likasi

@dogo_turbo peti, zile 4A unaonaka mu Corolla zimelala kwa upana, zinavuta gurudumu za mbele. MGB inasukuma na nyuma, motere inasimama kwa urefu. Utatafuta vitesi ingine, utakata handaki ya katikati, utatengenezesha transmisio mupya na mikono mupya ya kushika motere, kisha yote ile utakuwa na gari haina bei, kwa sababu anayetafuta MGB anatafuta MGB. Kama unataka Corolla nunua Corolla, ziko.

Sasa @kapo_wazi, motere ya kukwama. Usikubali mutu akuambie muivute na kamba nyuma ya Hilux mpaka iwake. Njo vile bieli zinapinda na segma zinavunjika. Mbele legeza kizibo ya mafuta chini pole pole, uangalie kinachotangulia kutoka. Ni maji? Basi kuko jointi ya kilasi (kifuniko ya juu ya motere) imepasuka ao maji iliingia kwa karbirateri, ujipange. Kisha toa buji zote, mimina mu kila silinda mafuta ya vitesi otomatiki ilichanganywa nusu kwa nusu na asetoni, acha wiki nzima hata mbili, ongeza ikikauka. Baadaye weka vitesi ya ine na usukume gari mbele nyuma, mbele nyuma, kidogo kidogo, buji zikiwa bado inje. Mara mingi inaachia. Ikikataa, fungua kilasi, hakuna siri ingine.

Jambo la kle, hii bantu banasahauka. Ile gari yote ni inchi. Kle ya 13 inaingia ku boulo ya nusu inchi na unaona kama inafaa, lakini nusu inchi ni milimita 12,7, boulo ikiwa imeshika kutu kle inakula kona zake zote na siku nzima inaisha pale. Tafuta seti ya inchi mbele ya kugusa kitu. Bale bantu ba mashini za Caterpillar za ku mine beko nazo, na bashoferi ba Zambia banaletaka.

Esansi: ile motere iliundwa wakati esansi ilikuwa na risasi ndani, na risasi njo ilikuwa inalinda vikao vya valve za kutolea moshi. Esansi ya risasi huku kwetu Afrika iliacha kuuzwa karibu pote kufika 2006, Algeria ikamaliza ya mwisho duniani mu 2021. Kwa hiyo kilasi ikifunguliwa, uipeleke kwa turneri akuwekee vikao vya chuma kigumu ku eshapma. Ukiacha vile, valve zitazama pole pole na zile nafasi za kilibiteri zitakuwa zinajifunga kila mara unapima. Nafasi yake ni inchi 0,015 (sehemu 15 kati ya elfu moja ya inchi), motere ikiwa baridi.

Karbirateri ni SU mbili, mi nazipenda kuliko zote, ziko na sindano moja na pistoni inayopanda na hewa. Lakini ziliseti kwa Uingereza kando ya bahari, na Lubumbashi iko karibu metre 1200 juu, hewa ni nyepesi zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukiiacha vile ilitoka itakula esansi mingi na buji zitakuwa nyeusi. Ile nati ya chini ya jikleri, ukiipandisha juu inapunguza esansi, ukiishusha inaongeza. Geuza upande mumoja mumoja wa nati, zote mbili sawa. Kisha inua pistoni ya karbirateri moja kidogo sana, kama milimita moja: motere ikikimbia na ikaendelea kukimbia, esansi bado mingi. Ikitaka kuzimika, umepunguza sana. Ikipanda kidogo na kurudi mahali pake, simama hapo. Na usisahau mafuta mule juu ya ile pistoni, bengi banaikausha kisha banalia gari inakohoa ukikanyaga.

mama_kartirozi (Lubumbashi)

Munaongea chuma tu. Mwanangu, ile gari mwenyewe alikufa. Batoto "bake" ni bangapi? Nani njo likidateri wa suksesio, ule anasimamia mali ya marehemu? Kama yule anayekuonyesha gari ni mutoto wa pili na yaya yake eko Kolwezi hajui kintu, utalipa 2500, utatengeneza, itapendeza, na siku ile njo yaya atafika na karatasi. Mimi nimeona hii ku nyumba, ku gari ni vile vile. Omba akte ya kufa ya muzee, omba karatasi inayosema likidateri ni nani, na ba riti (warizi) bote basaini akte ya kuuza, ipelekwe kwa notere.

Pili, ilivuka Kasumbalesa, sawa, lakini iko na kartirozi (karatasi ya gari) ya Kongo ao bado iko na plaki ya Zambia? Kama duane (forodha) haikulipiwaka, hiyo deni inakuja na gari. Uliza duane yenyewe mbele ya kulipa, usiulize mutu wa ku barabara anayesema anajua mutu. Na nimero ya shasi mu kartirozi ifanane na ile iko ku gari, herufi kwa herufi.

GomaFreni

Salamu kutoka Goma. Nasomaka tu lakini hapa naandika, juu hakuna mutu alisema freni.

Gari ikilala miaka mingi, pistoni za freni za mbele (ile gari iko na disiki mbele na tambura nyuma) zinashikana kutu, na zile mpira za freni zinavimba kwa ndani. Inje unaziona muzuri, ndani njia imefungika, unakanyaga freni inashika haiachie. Badilisha mpira zote, na hata ambriyaji (klachi) ya MGB inatumia mafuta ya freni, iko na silinda zake mbili, angalia zote. Weka DOT 4. Kuko bafundi banaweka mafuta ya idroliki ao ya motere juu ni ya bei chini, ile inavimbisha mpira siku chache tu na freni zinakwisha. Huku kwetu na hii milima hakuna anayejaribu mara mbili.

Pia rezerva ya esansi: inaozaka upande wa juu, pale inashikana na sakafu ya malo. Ukiangalia chini ukaona nzima usifurahi.

kapo_wazi

Asante sana ba papa, na mama pia. Nilirudi kule na sumaku na kriki, batoto ba muzee banafikiri niko na wazimu.

Majibu: mulango ya kuume nafasi iko sawa, juu chini. Nikainua na kriki, mulango ikafunguka bila shida. Ya kushoto juu imebanana kidogo, na kriki ilipoinua ikakwaruza lakini haikukwama. Sumaku haishike pale chini ya paji ya mbele kushoto, karibu ukubwa wa sahani. Sanduku za batri, moja haina sakafu tena, unaona udongo. Resori za nyuma pale zinashikwa niligonga na nyundo, sauti ya chuma nzima.

Ku plaki chini ya kapo kumeandikwa GHN3 na nimero. Ku motere 18GB. Ile maana yake nini?

Mambo ya familia: beko ine, mukubwa njo likidateri na karatasi iko, nilimuona na macho. Kartirozi ya Kongo iko, imechanika lakini nimero inasomeka na inafanana.

mekano_likasi

Habari njema hiyo. GHN3 ni MGB ya hema ya zile za kwanza, 1962 mpaka 1967, na kama hakuna herufi L nyuma ni ya usukani kuume toka kiwandani, hakuna mutu aliigeuza. 18GB ni motere yenye palie tano za vilebrekeni (pale ile shafti ya chini ya motere inazungukia), ilianza mwisho wa 1964, mbele yake zilikuwa tatu. Hiyo njo motere ya kutaka. Ukiwa na zile nimero, jumba la magari la Gaydon kule Uingereza batakuuzia cheti inayosema ilitoka lini, rangi gani, ilipelekwa wapi, na nimero ya motere yake ya kwanza. Makuta yake si mingi, na siku ya kuuza inasaidia.

We mutu wa umeme sikiliza hii: zile za mbele ya mwisho wa 1967 masi yake ni +. Upande wa + wa batri njo unafungwa ku bodi. Mutu wa kusaidia akija na kamba za batri na kuunganisha kama Toyota yake, kuko moshi. Iko na dinamo, haina alternateri. Unaweza kuigeuza kuwa − ukitaka, lakini dinamo uipe polarite tena, na radio ya zamani kama iko, itoe mbele.

Na vitesi ya kwanza haina sinkro. Ikilia ukiingiza wakati gari inatembea, si kuharibika.

MuzeeTolie (Katuba)

Nimesoma. Ile gari inafaa, upande wa kushoto njo kazi. Bei usitoe 2500. Muonyeshe likidateri ile sanduku ya batri bila sakafu na pale sumaku ilikataa, muanze ku 1500, musipite 1800. Tole za badekesi mupya za MGB bado zinatengenezwa Uingereza, hata bodi nzima inatengenezwa kule mupaka leo, kwa hiyo huna haja ya kukunja tole we mwenyewe kwa nyundo. Agiza upande mumoja kamili, nje, katikati na reli. Uzito wake si mingi, kinachouma ni urefu ju ya ndege, kwa hiyo tafuta mutu anayetoka Johannesburg na lori.

Poste ya ndugu yako ni ya bageti? Kama ni ya bageti usiguse badekesi nayo, ile tole ni kama milimita moja, utatoboa matundu kuliko kutu. Azima poste ya waya, waya ya 0,6 ao 0,8, na ufanye kazi wakati moto (umeme) ya SNEL haishuke shuke, ao na jenereta yako, we njo mwenye nazo. Mbele ya kukata kitu, gari isimame sawa ku sakafu ya sima, kisha usudere chuma mbili za kukingama mu tundu ya mulango, kutoka mbele mpaka nyuma. Ukikata bila zile chuma bodi itakaa vibaya na mulango haitafunga tena milele. Kata kushoto tu. Kuume usiguse mpaka kushoto imalizike na mulango imefunga.

Rangi ni ya mwezi wa tano kuendelea, mvua ikiisha, na umwange maji chini ju ya vumbi.

dogo_turbo

bon 4A nimeacha 😅 kapo_wazi siku ya kuitoa pale Kamalondo ita bantu, tuko na Canter

kapo_wazi

@dogo_turbo nitakuita, lakini Canter haitoshe, pneu zote ine zimekufa na gurudumu ya nyuma kuume haizunguke, ni freni ya mukono nafikiri. @GomaFreni nafungua tambura vipi kama imekwama vile?

GomaFreni

Legeza mbele ile boulo ya kurekebisha nyuma ya sahani ya freni, kipande cha mraba. Mwanga mafuta ya kutu usiku wote. Legeza na kamba ya freni ya mukono chini ya gari. Kisha gonga tambura kando kando na nyundo ya mbao, usigonge ku mdomo wake, inapasukaka. Bado ikikataa, mupandishe ile upande juu ya kigari kidogo cha magurudumu na muivute vile vile mpaka Katuba, mutafungua mukiwa na kivuli.