MJADALA: Netflix na wenzake walipie nyaya za intaneti, au mteja wa fiba ameshalipa?

mleta_mada

Wakuu habari za jioni. Kuna hoja moja makampuni ya simu na intaneti yameishikia bango miaka kadhaa sasa, Ulaya wameisema, Korea Kusini imefika mpaka mahakamani, na huku kwetu Afrika umoja wao wa GSMA unaipigia debe, kwamba hawa wakubwa wa filamu na video mtandaoni, Netflix, YouTube na wengine, wanajaza mitambo ya watu bure wakati wanaochimba mitaro na kuvuta fiba ni wengine, kwa hiyo watoe mchango.

Mimi nasema hapana, na sisemi kwa mapenzi na Netflix, akaunti yenyewe tunachangia watu wanne. Ila hebu tuulizane, ile filamu imekuja kwangu yenyewe? Si mimi ndo nimekaa kwenye kochi saa mbili usiku nikabonyeza. Na nikibonyeza natumia spidi niliyoilipia mwezi mzima kabla hata sijaitumia, sikuambiwa kwamba hizi mbps ni za kusoma imeli tu. Ni kama konda wa daladala akuchukue nauli mpaka Kariakoo halafu ashuke aende kumdai na mwenye duka eti abiria wengi wanakuja kununua kwake.

Korea wamejaribu, tuangalie walichovuna. SK Broadband, kampuni ya intaneti ya kule, na Netflix walifikishana mahakamani 2020, 2021 mahakama ya Seoul ikaipa nguvu SK, Squid Game, ile tamthilia ya Netflix, ikavuma, SK wakafungua kesi ya kudai hela, mwisho Septemba 2023 wakamalizana kwa kuingia ubia, kesi zikafutwa. Wakubwa walipatana. Ila kule tangu 2016 kuna utaratibu kwamba mtandao unaopeleka data nyingi ndo unalipa, na aliyeumia ni Twitch, ile ya kurusha magemu laivu. 2022 wakashusha ubora wa picha mpaka 720p kwa Wakorea kupunguza gharama, haikutosha, Februari 2024 wakafunga virago kabisa wakisema gharama za mtandao kule ni mara kumi ya nchi nyingi wanazofanyia kazi. Na Twitch ni ya Amazon jamani, sio mnyonge. Sasa fikiria kijana wa Kitanzania mwenye app yake ndogo ya bongo muvi ambaye kesho anaambiwa lipa kwanza ndo video zako zipite.

Karibuni, ila tubishane kwa hoja.

fundi_nguzo

Mkuu mfano wa daladala umeupenda lakini haukai sawa. Mimi kazi yangu ni hizi hizi fiba, niko kwenye nguzo kila siku. Netflix wenyewe wanasema HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, 4K, ile picha kali kabisa, mpaka GB 7. Nyumba moja inayoangalia HD masaa matatu kila usiku hiyo ni kama GB 270 kwa mwezi, TV moja tu, hujahesabu watoto na katuni zao kwenye tableti. Na wote mnafungua saa mbili mpaka saa nne usiku, mchana mitambo imelala. Kampuni inabidi ijenge kwa kuangalia yale masaa mawili. SK walisema mzigo wa Netflix kwao uliongezeka mara 24 kuanzia 2018 mpaka 2021, hebu niambie mteja gani alikubali bei yake ipande hata mara mbili? Hakuna. Hiyo hela ya kupanua itoke wapi, na vifaa vyote tunaagiza kwa dola.

mleta_mada

Fundi heshima yako, kuhusu saa mbili usiku hapo sikubishii. Ila tuongee kiufundi kidogo maana watu wanadhani kila filamu inasafiri kutoka Marekani chini ya bahari kila ukibonyeza. Netflix wana mradi wa Open Connect, wanatoa maseva yao, yaani masanduku ya kuhifadhia filamu, bure kwa kampuni ya intaneti yenye wateja wa kutosha, kampuni inatoa sehemu ya kuyaweka na umeme. Filamu zinajazwa mle usiku wa manane wakati watu wamelala, jioni ukibonyeza inatoka mjini hapo hapo, haigusi bahari. Google nao wana ya kwao kwa ajili ya YouTube. Kwa hiyo ile gharama kubwa ya kununua njia ya nje kwa dola, hao mnaowaita wadandiaji wameshaipunguza sana kwa hela yao. Kinachobaki ni kipande cha kutoka mtamboni mpaka sebuleni kwangu, na hicho ndo nakulipia!

Na tusisahau hilo neno anlimited. Kuna kampuni iliniuzia anlimited, katikati ya mwezi picha ikaanza kuzunguka, kupiga simu naambiwa kuna kikomo cha matumizi ya haki umevuka. Haki ya nani? Kama wanajua hesabu haitoshi wauze kwa GB waseme wazi, sio kuuza wasichokuwa nacho halafu wakimbilie kumdai Netflix.

Eldoret_Mtaani

Nyinyi wabongo wacha niwakumbushe kitu. Huku Kenya Netflix walituletea plan ya bure kabisa ya simu za Android 2021, hulipi hata bob, na bado Novemba 2023 wakaifunga. Mnajua kwa nini mimi niliiacha hata kabla haijafungwa? Filamu ni ya bure lakini bundles ni zangu! Shida yetu sio nani anadai nani huko juu, ni hii data yenyewe. Wakianza kulipishana hao, unadhani Netflix atatoa mfukoni mwake? Ataongeza subscription na sisi ndio tutalipa. Majirani wetu Uganda si waliweka ile kodi ya mitandao ya kijamii (OTT) Julai 2018, shilingi 200 kwa siku ndio ufungue WhatsApp na Facebook, watu wakahamia VPN, zile app za kuficha unachofungua, 2021 ikatupwa, badala yake wakaweka asilimia 12 kwa data. Mwishowe imelipwa na nani? Na mwananchi.

wa_Tabata

Mimi naona mnajadili ya matajiri. Mtaani kwetu fiba imepita barabara kubwa tu, huku ndani hakuna nguzo. Watu wanajaza flashi kwenye maktaba ya muvi, zimetafsiriwa kabisa kwa Kiswahili, unachomeka kwenye TV unaangalia muda unaotaka, unarudisha, haina buffa wala saa mbili usiku. Mpira kibanda umiza. Sasa hiyo hela ya mchango mkimpa mwenye fiba kuna kitu gani kinamlazimisha aje Tabata ndani ndani? Si ataongeza tu spidi Masaki na Mikocheni. Ningeambiwa kila shilingi inaenda kwenye mfuko wa kufikisha fiba mitaa isiyokuwa nayo, tena mfuko unaosimamiwa na serikali, ningeunga mkono leo hii.

fundi_nguzo

Dada wa Tabata hoja yako ina nguvu, ila mleta mada umeruka kitu. Kwanza umesema mwenyewe, wateja wa kutosha. Kampuni ndogo ya mkoani haifikishi kiwango cha kupewa hilo sanduku la Netflix, inavuta kila kitu kutoka mbali na inalipa. Pili hilo sanduku halijitegemei, ukifungua app unaingia akaunti, inatafuta menyu, vyote hivyo vinaenda nje kwenye mitambo ya Amazon ambayo Netflix wanaitumia. Mei 12, 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini mnakumbuka Tanzania ilivyolala. Filamu ipo mjini lakini mlango uko ng'ambo. Hizo kebo zinatakiwa ziwe nyingi zaidi, na anayefaidika nazo kuliko wote hachangii?

mleta_mada

Wanachanga mkuu. Google wana kebo yao Equiano upande wa magharibi wa Afrika, Meta yumo kwenye 2Africa ambayo inazunguka bara zima. Hao sio wa kuambiwa hawajengi, wanajenga kwa maslahi yao sawa lakini wanajenga.

Kampuni ndogo ya mkoani hapo umenipata nusu. Lakini dawa yake sio kumdai Netflix, ni hizo ndogo ziunganishwe kwenye vituo ambako mitandao inabadilishana data hapa hapa nchini, halafu waweke sanduku moja la pamoja kwa bei ya kugawana. Hili linawezekana bila sheria mpya. Na kodi ya serikali tusiichanganye humu, Netflix anatakiwa alipe VAT na ile kodi ya huduma za kidijitali asilimia 2 iliyokuja na sheria ya fedha ya 2022, hizo ziko sawa kabisa, zinaingia hazina. Dada wa Tabata akitaka fiba ya mtaa wake apiganie ziende huko, maana zikishaingia mfukoni mwa kampuni binafsi hana pa kuzidai.

Fundi nina swali moja kwako na nataka jibu la mtu wa nguzo, sio la ofisi: kwenye njia yenu moja ya kuingia mtaani mnaunga nyumba ngapi, na saa tatu usiku kila moja inabakiwa na mbps ngapi kweli?

fundi_nguzo

Hahaha hilo nikijibu hapa kesho sina kazi. Njoo inbox.