Nimeanguka tena tesiti ya remorki (tela), mara ya 4. Niendelee ao niache?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Bandugu, salamu kwenu wote. Nina miaka 31, bibi na watoto 2. Siku ya tano (Ijumaa) nimeanguka tena tesiti ya kamio (lori) yenye remorki. Ni mara ya 4 tangu mwaka uanze.

Maswali ya sheria za barabara napita. Kukagua gari mbele ya kuondoka napita: hewa ya breki, matairi, taa, pale remorki inapojifunga. Barabarani napita pia. Shida ni kurudi nyuma tu. Wanasimamisha mapipa mawili, unatakiwa kupinda kuume na kuingiza remorki katikati, kama vile unaingia depo kupakia. Siku ya tano nilianza vizuri kabisa. Kisha nikaisikia ile sauti. Pipa tupu likigongwa halilii kama chuma, linalia kama ngoma. Mwenye kupima hakusema neno, aliandika, akafunika kalamu yake, akaita mwingine.

Kazi iko inaningojea kwenye kampuni moja ya kupeleka shaba Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Usingizi sipati. Bibi ananiuliza kama si heri nirudilie pikipiki niwe nabeba watu kama zamani. Naomba ushauri: niendelee ao niache?

Mama_wa_Himbi (Goma)
Mwanangu, usiache. Mimi diploma ya Serikali niliipata mara ya 4. Mara ya kwanza nilisema ni maswali, mara ya pili nikasema ni malaria, mara ya tatu sikuwa na la kusema. Baba alinikuta nimejificha nyuma ya jiko, akanipa pesa za kalamu mpya, akaondoka bila kunigombeza. Yale maneno ambayo hakuyasema ndiyo yaliyonirudisha darasani. Leo miye ni muuguzi, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza nilipita mwaka gani. Omba Mungu, rudi tena.

Kamalondo
Kaka, hayo mapipa yanakudai. Yalipe mapema.

Mzee_Ngomo (Bukavu)
Vijana, sisi hatukupimwa kwa mapipa. Tulipimwa na mlima. Anayejua njia ya Bukavu kwenda Uvira anajua Ngomo: ukuta upande mmoja, bonde upande wa pili, na lori la mbele limesimama bila taa. Muzee aliyenifundisha alinikataza kushuka kwa kutegemea breki. Unachagua gia ndogo ungali juu, kabla ya mteremko kuanza, unaacha mota ikushike. Safari yangu ya pili nilijifanya fundi, nikakanyaga, nikakanyaga, mpaka harufu ikaingia ndani ya kabini kama nguo inayoungua chini ya pasi. Nikaangalia kioo, moshi unatoka kwenye matairi ya remorki. Tulisimama Mungu tu anajua namna gani. Yule muzee alinishusha nikatembea kwa miguu mpaka Kamanyola. Sikumchukia. Kwa hiyo kijana, mapipa ni kitu kidogo.

Dereva_wa_Tunduma
Wazee wangu, kaka ameuliza habari ya kurudi nyuma, tumempeleka mlimani. Mwana Katuba, jibu maswali mawili. Pipa unalogonga ni la upande gani? Na mazoezi unafanyia gari gani?

Mwana_Katuba
Asanteni wote. Mama, umenigusa sana. Dereva, pipa ni la kuume, mara zote 4. Ndiyo maana nachanganyikiwa, kwa sababu kwenye mazoezi pipa la kuume ndilo rahisi, natoa kichwa dirishani naliona mpaka mwisho. Siku ya tesiti nakuwa kama kipofu. Labda ni roho inayodunda.

Kamalondo
Sasa nauliza bila mchezo. Hapa Lubumbashi mashofere wanaotafuta kazi ni wengi. Kampuni gani inamngojea mtu aliyeanguka mara 4? Kuna kitu hujasema.

Mwana_Katuba
Mukubwa, kazi ni kazi, wameniahidi tu.

Kamalondo
Wamekuahidi kwa karatasi gani?

Mwana_Katuba
Sawa. Nisiwafiche. Kuna komisionere (mtu wa kati) mmoja ameniambia atanitolea karatasi kuonyesha nimepita. Anataka dola 300. Nimekwisha kumpa 150, karatasi inatoka siku ya kwanza (Jumatatu), na siku ya ine (Alhamisi) napanda gari. Zile 150 ni likelemba ya bibi, ule mchango wa kupokezana na wenzake, zamu yake ilikuwa imefika. Hajui bado.

Mbele ya kunihukumu, mfikiri. Kuendesha najua. Toka hapa mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90, ni lami, ni kwenda mbele. Mstari wa magari mpakani unaweza kukuweka siku nzima, unasogea kidogo kidogo, nani atakuomba urudi nyuma? Na kwenye depo kuna watu wa kuelekeza kwa mkono. Kurudi nyuma nitajifunzia kazini. Sikuja kuuliza habari ya karatasi. Nimeuliza kama mtu anaweza kuendelea na mazoezi akiwa tayari kazini.

Mama_wa_Himbi
Hapana, mwanangu. Hukuuliza hivyo. Uliuliza uendelee ao uache, na miye nikakupa habari ya baba yangu. Kumbe ulikuwa umekwisha kununua. Pesa ya likelemba ya mwanamke si pesa ya mtu mmoja. Wenzake wanaingojea zamu yao kutoka kwake. Umwambie leo.

Mzee_Ngomo
"Watu wa kuelekeza kwa mkono." Nilikuwa na msaidizi, kijana wa Kavumu. Usiku, mvua, tunaingiza gari depo. Alisimama nyuma akipiga kofi kwenye remorki: kofi moja njoo, makofi mawili simama. Mvua juu ya mabati, sikusikia lile la pili. Nilishuka nikaona sandale moja imebaki mbele ya ukuta. Alipona, lakini mguu haukupona. Yule anayeelekeza kwa mkono anasimama mahali ambapo wewe huoni. Hiyo ndiyo kazi yake. Usimpe mtoto wa mwenzako kazi hiyo kwa karatasi ya dola 300.

Macho_Kodo
Mnalia bure. Huyu anatunga. Someni tena. Anasema kwenye mazoezi anatoa kichwa dirishani analiona pipa la kuume mpaka mwisho. Kongo tunaendesha upande wa kuume, volani (usukani) iko kushoto. Shofere anatoaje kichwa dirisha la kushoto akaona pipa la kuume? Hajawahi kukalia kamio. Ni mtu anatafuta kujua bei ya karatasi, ao komisionere mwenyewe anatangaza biashara.

Kamalondo
Eeh! Hapo umemshika.

Mama_wa_Himbi
Kama ni uongo, Mungu amsamehe, nimemwombea tangu asubuhi.

Mwana_Katuba
Mimi si mwongo! Ile kamio ya mazoezi ni ya mjomba, ilinunuliwa Afrika Kusini, volani yake iko kuume. Ziko nyingi hapa, mtu yeyote wa Lubumbashi anajua. Kamio ya tesiti ndiyo ya volani kushoto. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Kamio ni kamio.

Dereva_wa_Tunduma
Niliuliza, ndugu yangu. Niliuliza mapema kabisa, ukajibu swali moja ukaacha la pili. Na jibu lako lote lilikuwa hapo.

Sikiliza. Ukikaa kulia ukapinda tela kulia, ubavu wote wa tela unafunguka mbele ya dirisha lako. Unaona tairi la mwisho, unaona pipa. Ukikaa kushoto ukapinda kulia, kichwa na tela vinajikunja upande usiouona. Kioo cha kulia kinakuonyesha ubavu wa tela tu, ile kona ya nyuma imepotea. Sisi tunaotoka Tanzania kupitia Zambia tunaendesha kushoto mwa barabara, usukani kulia, na tukivuka Kasumbalesa barabara inageuka. Miaka yote hii, yadi yoyote ya Kongo nikiingia, nashuka kwanza. Umezoesha jicho upande mmoja, unapimwa upande mwingine. Mara 4 umefanya mtihani wa gari ambalo hujalizoea.

Fanya hivi. Tafuta gari la usukani kushoto, hata kwa saa mbili. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, tela linaelekea kushoto, akili haigombani. Ukianza kupinda, pinda kidogo, ngoja tela lijibu, usiongeze kwa haraka. Mguu uwe kwenye klachi, gari litambae. Pipa likipotea kwenye kioo, simama, funga breki ya mkono usikie hewa inatoka pshii, shuka ukaangalie kwa macho yako. Muulize mapema anayepima kama kushuka na kusogea mbele kujirekebisha kunaruhusiwa, na mara ngapi.

Macho_Kodo
Kama ni kweli, naomba msamaha. Lakini ile 150 irudi.

Mwana_Katuba
Narudi baada ya siku 6. Muzee mmoja mwenye kamio ya volani kushoto alinikubalia siku ya posho (Jumamosi), nilipe mafuta tu. Tulikosa mapipa, tukaweka mifuko ya makala (makaa). Nilirudi nyuma mara 11. Mara 7 za kwanza nilikanyaga mfuko, makala yote yakawa unga, nimeyalipa. Ya 8 nilishuka mara mbili kuangalia. Tatu za mwisho niliingia safi.

Komisionere nimemwambia sitaki tena. Amerudisha dola 60, zingine anasema amekwisha kuzigawa. Ile kazi amepewa mwingine. Bibi nimemwambia yote. Hajaongea na mimi tangu jana, lakini asubuhi nimekuta chakula changu kimefunikwa mezani. Tesiti ni siku ya ine ijayo.

Mama_wa_Himbi
Zile 90 zilizobaki umwambie utazilipa lini. Tarehe, si maneno.

Mzee_Ngomo
Na ufanye mazoezi ya usiku pia, kijana. Mchana mfuko unaonekana.

Dereva_wa_Tunduma
Kabla ya siku ya ine, nenda uwanjani mapema ukiwa kwa miguu. Simama nyuma ya pipa la kulia, uangalie kiti cha dereva kiko wapi kutoka pale. Kisha uje utuambie.